Dawa za petroli: Zipi hulinda injini kuukuu na zipi humla mwenyewe pesa

NENDA katika duka lolote la vipuri, iwe ni Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, Kisumu au Mombasa, na nyuma ya mwenye duka hutakosa kuona safu ya chupa ndogo ndogo zenye maandishi ya kuvutia. Hii yadai kusafisha kabureta, ile yadai kurejesha nguvu za injini iliyochoka, na nyingine yaapa kwamba itapunguza matumizi ya petroli. Mafundi huziita dawa. Jina hilo limezifaa, kwani kama zilivyo dawa za binadamu, zipo zinazotibu, zipo zisizofaa wala kudhuru, na zipo zinazommaliza mgonjwa zikitumiwa ovyo.

Anayehitaji kuzielewa zaidi si mwenye gari jipya lililo chini ya dhamana ya kampuni. Ni mkulima aliyerithi pampu ya maji kutoka kwa babake, mwenye jenereta ya kuendeshea kinyozi umeme unapopotea, mvuvi mwenye injini ya boti iliyokwisha kupita mikono mitatu, na mwenye mashine ya kukatia nyasi iliyonunuliwa wakati shilingi ilipokuwa shilingi. Kwa watu hawa injini ndogo ndiyo riziki. Pampu ikinyamaza wiki mbili wakati vitunguu viko shambani na mvua haijulikani iliko, hasara haihesabiwi kwa bei ya plagi.

Makala haya yanaeleza dawa hizo zilitokana na nini, kila aina hufanya kazi gani, ni injini ipi inayozihitaji na ipi isiyozihitaji, na jinsi ya kuzitumia bila kujiletea madhara.

RISASI ILIVYOINGIA NA ILIVYOTOKA

Hofu inayouza nyingi ya dawa hizi ina chimbuko lake katika madini ya risasi. Mnamo Desemba 9, 1921, Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya utafiti chini ya kampuni ya General Motors mjini Dayton, Ohio, nchini Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo mno cha kemikali ya risasi kikitiwa katika petroli huzuia injini kugonga. Kugonga huko hutokea mchanganyiko wa petroli na hewa unapolipuka wenyewe ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpango kuanzia penye cheche ya plagi. Petroli yenye risasi ilianza kuuzwa mjini humo mwaka 1923.

Madhara yake hayakukawia kuonekana. Mwaka 1924, wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha kutengeneza kemikali hiyo katika jimbo la New Jersey walifariki baada ya kuivuta, wengine wakirukwa na akili kabla ya kufa. Hata hivyo biashara iliendelea kwa miongo kadhaa, ilhali moshi wa magari ukitawanya risasi hewani na katika udongo wa miji. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto anayekua, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango chochote cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Marekani ilipiga marufuku petroli hiyo kwa magari ya barabarani kuanzia Januari 1, 1996, na Uingereza ikafuata mwishoni mwa mwaka 1999. Barani Afrika, wawakilishi wa serikali walikutana Dakar, Senegal, mnamo Juni 2001 wakakubaliana kuiondoa. Kufikia Januari 1, 2006, nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, Kenya ikiwa mojawapo, zilikuwa zimeacha kuiuza. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, iliyoacha Julai 2021. Mwezi uliofuata, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao makuu yake Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba enzi ya petroli ya risasi katika magari imekwisha, likikadiria kuwa hatua hiyo inaepusha vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

KITAKO CHA VALI

Lakini risasi ilikuwa na faida moja ambayo haikukusudiwa na waliyoigundua. Ndani ya injini ya mipigo minne mna vali mbili kwa kila silinda, angalau. Moja huingiza hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Kila vali hufunga kwa kukalia duara la chuma ambalo mafundi hulijua kwa jina la siti, yaani kitako cha vali. Vali ya moshi hupita katika joto kali sana, na kila inapofunga hugonga kitako chake kwa nguvu ya springi, mara nyingi katika kila sekunde.

Petroli yenye risasi ilipoungua, iliacha utando mwembamba juu ya kitako hicho. Utando huo ulitenganisha chuma na chuma. Ulipokosekana, vali na kitako vilianza kushikana kwa chembe ndogo ndogo kila vilipogusana vikiwa moto, na vali ilipofunguka chembe hizo zikanyofolewa. Punje zilizonyofoka zilisaga kitako kama msasa. Kidogo kidogo kitako huliwa, na vali huzama ndani zaidi ya kichwa cha injini kuliko ilivyokusudiwa.

Vali inapozama, ule mwanya mdogo ulioachwa kati ya mkia wake na kifaa kinachoisukuma hupungua. Mwanya ukiisha kabisa, vali haifungi tena sawasawa. Mgandamizo wa silinda huvuja, injini huwa ngumu kuwaka hasa ikiwa moto, nguvu hupotea, na hatimaye ukingo wa vali huungua kwa kupitiwa na moto usiokoma.

Dawa za kuchukua nafasi ya risasi zilibuniwa kuukinga ugonjwa huu. Nyingi hutumia mojawapo ya madini haya: potasiamu, sodiamu, manganizi au fosforasi. Kazi yao ni ile ile, kuacha utando juu ya kitako cha vali. Si maneno matupu ya matangazo. Uingereza ilipokuwa ikijiandaa kuondoa risasi, shirikisho la vyama vya wenye magari ya kale nchini humo liligharimia majaribio katika maabara, ambapo injini ya zamani iliendeshwa kwa kasi na mzigo mkubwa ili ionekane kitako kitaliwa kiasi gani. Dawa kadhaa zilifaulu, nyingine hazikufaulu. Kwa hivyo swali la mwenye pampu si iwapo dawa hizi hufanya kazi, bali iwapo injini yake inazihitaji.

JE, YAKO INAZIHITAJI?

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha zao. Injini iliyo hatarini ni ile ambayo kitako chake cha vali ya moshi kimechongwa moja kwa moja katika chuma laini cha kusubu. Hizi ni injini nyingi za magari ya miaka ya 1960 na 1970, na baadhi ya injini kongwe za pampu na jenereta zenye mwili wa chuma kizito.

Injini ndogo zenye mwili wa alumini ni kisa kingine. Alumini ni laini mno kubeba mapigo ya vali, hivyo tangu mwanzo watengenezaji walilazimika kupachika pete ya chuma kigumu penye kitako. Pete hiyo huhimili petroli isiyo na risasi. Zile injini za Honda za aina ya GX, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1983 na ambazo leo zimejaa mashambani pamoja na zile zilizoigwa kutoka kwazo, zimetengenezewa petroli isiyo na risasi. Anayezitilia dawa ya risasi anamnywesha dawa ya malaria mtu asiye na homa.

Vivyo hivyo, injini za mipigo miwili, kama vile za misumeno ya miti na nyingi za boti kuukuu, hazina vali za namna hii kabisa. Petroli na moshi hupita katika matundu yaliyotobolewa ukutani mwa silinda. Pasipo na kitako, hakuna cha kukingwa.

Kuna jambo la tatu la kuzingatia, nalo ni historia. Petroli ya risasi iliondoka katika vituo vyetu vya mafuta kufikia mwaka 2006. Injini kuukuu ambayo imefanya kazi nzito miaka yote hiyo bila vali kuzama imejijibia swali yenyewe. Inayopaswa kuchungwa ni ile iliyokaa stooni miaka mingi na sasa imefufuliwa, au ile iliyokuwa ikifanya kazi kidogo na sasa inatwishwa mzigo mkubwa. Injini ya kukata nyasi nusu saa kwa wiki huenda isile kitako chake katika maisha yake yote. Lakini jenereta ya kawaida ya umeme wa hezi 50 huzunguka mara 3,000 kwa dakika saa zote iwashwapo, nayo pampu hubeba mzigo kuanzia asubuhi hadi jioni. Kasi, joto na mzigo ndivyo vinavyokila kitako.

Kipimo cha uhakika hakihitaji maabara. Mwombe fundi apime mwanya wa vali kwa geji ya vibamba injini ikiwa baridi, na muandike matokeo. Baada ya saa 50 za kazi, apime tena. Mwanya wa vali ya moshi ukibaki ulivyo, huna ugonjwa. Ukipungua, na baada ya kurekebishwa ukapungua tena katika saa 50 zinazofuata, basi kitako kinaliwa. Wakati huo dawa ina maana. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba dawa huzuia kitako kuliwa zaidi. Hairudishi chuma kilichokwisha kwenda.

Kuna wanaoshawishika kutafuta petroli ya ndege ndogo, ambayo katika nchi nyingi bado ina risasi, ili waitie katika mashine zao. Huo ni ushauri mbaya. Sumu iliyoondolewa barabarani itarudi uani ambako watoto wanachezea udongo.

PETROLI ILIYOLALA

Ukweli ni kwamba injini ndogo nyingi haziuawi na ukosefu wa risasi. Zinauawa na petroli iliyolala. Pampu ya umwagiliaji hufanya kazi wakati wa kiangazi, kisha mvua inaponyesha husukumwa pembeni ikiwa na petroli tangini. Miezi minne baadaye mwenyewe huvuta kamba hadi bega likamwuma, na injini isitamke neno.

Petroli huharibika kwa njia mbili. Kwanza, sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo zinazowasha injini ikiwa baridi, hupaa. Pili, zilizobaki huungana na hewa na kugeuka kuwa ulimbo wa kahawia unaonata. Ulimbo huo huziba vitundu vya kabureta, ambavyo ni vidogo kuliko tundu la sindano, na hukwamisha sindano ya boya. Joto huharakisha yote mawili. Tangi lililoanikwa juani Garissa au Lodwar haliwezi kulinganishwa na lililo kivulini Limuru.

Dawa ya kutunzia petroli ndiyo yenye manufaa kwa watu wengi zaidi. Hupunguza kasi ya petroli kuungana na hewa, na ikitumiwa ipasavyo huirefushia maisha kutoka wiki chache hadi miezi kadhaa. Lakini ina masharti mawili ambayo hupuuzwa. La kwanza, itiwe katika petroli iliyo mbichi. Petroli iliyokwisha kuoza haifufuki, kama vile chumvi isivyofufua samaki aliyeoza. La pili, baada ya kuitia, injini iwashwe kwa dakika tano au kumi ili petroli yenye dawa ifike ndani ya kabureta, kwani kuiacha tangini peke yake ni kukinga nyumba na kuacha jikoni wazi.

Asiye na fedha ya dawa anayo njia nyingine iliyo sawa au bora. Afunge koki ya petroli, aiache injini iungurume mpaka izime yenyewe, kisha amwage mabaki kupitia skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, na tangi alikaushe. Kabureta kavu haina cha kuganda.

ETHANOLI NA MAJI

Katika nchi nyingi petroli siku hizi huchanganywa na ethanoli, ambayo ni pombe itokanayo na miwa au nafaka. Malawi imekuwa ikifanya hivyo tangu mwaka 1982, na katika miaka ya 1980 Kenya pia iliuza petroli iliyochanganywa na ethanoli ya miwa kutoka Muhoroni. Uingereza iliongeza kiwango chake hadi asilimia 10 mnamo Septemba 2021.

Ethanoli huinua uwezo wa petroli kuzuia kugonga, lakini kwa injini kuukuu ina kasoro mbili. Hulainisha na kuvimbisha baadhi ya mipira na gasketi za zamani ambazo hazikutengenezewa pombe. Pia huvuta unyevu kutoka hewani. Maji yakizidi, ethanoli hujitenga na petroli, ikaungana nayo na kuzama chini ya tangi, mahali hasa ambapo bomba la mafuta huanzia. Hakuna dawa inayoweza kuyarudisha mafuta yaliyojitenga hivyo yakawa salama. Yamwagwe mahali pasipodhuru kisima wala mto, na tangi lioshwe.

Anayepeleka mashine yake nchi yenye mafuta hayo, au anayeishi huko, ashughulike kwanza na kubadilisha mipira ya zamani. Dawa za kuzuia kutu zinazouzwa kwa ajili ya ethanoli husaidia vyuma vya kabureta. Mpira uliokwisha kuoza hazitauponya.

VISAFISHAJI

Kundi jingine ni la dawa za kusafisha. Bora miongoni mwazo zina kemikali zinazolainisha ukoga wa kaboni ulioganda katika vali na juu ya pistoni mpaka ukaungua na kutoka na moshi. Zipo pia zilizo mafuta taa tupu yaliyotiwa rangi na harufu nzuri. Msomaji asome kilichoandikwa kwenye chupa, na chupa isiyotaja chochote kilichomo ndani iachwe rafuni.

Katika injini iliyotunzwa, kisafishaji kinaweza kutumiwa mara moja kwa msimu. Katika injini iliyosahauliwa kwa miaka, tahadhari inahitajika. Uchafu uliokuwa umetulia tangini utang'oka wote kwa pamoja na kukimbilia katika chujio na kabureta. Mwenye mashine ya aina hiyo aoshe tangi na kubadilisha chujio kwanza, ndipo atie dawa. Aidha, kabureta iliyokwisha kuziba kabisa haiwezi kusafishwa na dawa inayopitia tangini, kwa sababu rahisi kwamba dawa yenyewe haitapita. Hiyo ni kazi ya fundi kuifungua na kuisafisha kwa mkono.

AHADI ZISIZOTIMIA

Dawa za kuongeza okteni huuzwa kwa kishindo kikubwa. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kugandamizwa bila kulipuka kabla ya wakati. Haipimi nguvu. Injini ndogo za zamani, hasa zile ambazo vali zake zimesimama kando ya silinda, hugandamiza kidogo sana na huridhika na petroli ya kawaida. Kuziongezea okteni ni sawa na kumnunulia punda viatu.

Kuhusu dawa, vidonge na sumaku zinazodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta, Shirika la Mazingira la Marekani (EPA) limechunguza vifaa na bidhaa zaidi ya 100 za namna hiyo kwa miaka mingi, na ni chache mno zilizoonyesha nafuu yoyote, nayo ikiwa ndogo. Wapo pia wanaotia tangini vidonge vya kufukuzia nondo nguoni. Kemikali yake inaweza kuganda katika mirija, na baadhi ya vidonge vya siku hizi vina klorini ambayo hula vyuma. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hakuna dawa pia ya petroli iliyoghushiwa. Mafuta taa yakichanganywa na petroli, injini hugonga na kupata moto, plagi hujaa masizi, na sehemu isiyoungua huteremka kando ya ringi na kuyafanya maji maji mafuta ya kulainishia injini. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuwaondolea wachanganyaji faida yao, na halmashauri ya kawi, EPRA, huwapima wauzaji kwa kutumia alama za kemikali zinazotiwa katika mafuta. Mwenye injini ndogo anunue kituoni panapouza kwa wingi, na auepuke mtungi wa kando ya barabara.

MIPIGO MIWILI NA DIZELI

Kwa injini ya mipigo miwili, kiungio kilicho muhimu kuliko vyote ni mafuta yake ya kulainishia, kwa kuwa ndiyo pekee yanayofika katika pistoni na beringi. Kipimo ni kile kilicho katika kitabu cha mashine. Kikisema 50 kwa 1, basi lita 5 za petroli hupokea mililita 100 za mafuta. Mafuta yakipungua, pistoni hukwama. Yakizidi, plagi hulowa na moshi hutanda. Mafuta ya injini ya gari yasitumiwe badala yake, kwani hayakutengenezwa kuungua na huacha jivu gumu.

Mashine za dizeli za kusagia unga, kama zile za Lister zinazosikika vijijini, nazo zina hofu yao. Mnamo Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Njia ya kuiondoa salfa huondoa pia baadhi ya vitu vilivyokuwa vikiilainisha pampu ya dizeli. Viwanda vya mafuta hujazia upungufu huo kwa dawa zao kabla ya mafuta kuuzwa, kwa hivyo mwenye kinu anayenunua dizeli halali kwa kawaida hana haja ya kuongeza chochote. La hatari zaidi ni desturi ya kutia mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka injini nyingine. Chembe za chuma zilizomo ni msasa mtupu kwa pampu na nozeli.

NAMNA YA KUTUMIA

Aliyethibitisha kwamba anahitaji dawa azingatie kanuni hizi.

Apime, asikadirie kwa jicho. Chupa ya mililita 250 inayotosha lita 250 za petroli maana yake ni mililita 1 kwa lita. Tangi la lita 4 linahitaji mililita 4 tu, ambazo hupimwa kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Kufuniko cha chupa kinaweza kubeba mara mbili au tatu ya kipimo hicho.

Achanganye katika mtungi, si tangini. Atie dawa kwanza kisha petroli, ili mmiminiko uikoroge.

Asichanganye aina mbili za dawa za kuchukua nafasi ya risasi. Kemikali za moja zinaweza kuzuia kazi ya nyingine au kuacha ukoga katika plagi. Akibadilisha, amalize kwanza iliyo tangini.

Asizidishe. Dawa za manganizi zikizidi huacha vumbi la rangi ya kutu katika plagi, na injini huanza kukatakata.

Ajilinde. Nyingi ya dawa hizi hupenya ngozini na mvuke wake ni sumu. Achanganyie nje, mbali na jiko na sigara, na aziweke mbali na watoto. Kamwe asivute petroli kwa mdomo kupitia mpira. Tone moja likiteleza hadi mapafuni laweza kumlaza mtu hospitalini. Seuze petroli iliyotiwa dawa.

HESABU YA MWENYE MASHINE

Mwisho kuna suala la fedha. Tuseme chupa ya lita 250 inauzwa Sh1,000. Hiyo ni Sh4 kwa kila lita ya petroli. Pampu inayokunywa lita 20 kwa wiki itadai Sh80, na katika msimu wa wiki 25 itakuwa imedai Sh2,000. Kwa upande mwingine, fundi mwenye mashine ya kuchonga vichwa vya injini anaweza kukitoboa kitako kilichochakaa na kupachika pete ya chuma kigumu pamoja na vali mpya. Kazi hiyo hulipwa mara moja, na baada yake injini haihitaji dawa ya risasi tena.

Kwa hivyo, mwenye injini inayofanya kazi kila siku aulize bei ya kitako kipya kabla ya kununua chupa ya tatu. Mwenye mashine inayoamshwa mara chache kwa mwaka anaweza kuridhika na dawa. Na mwenye injini yenye pete ya chuma kigumu tangu kiwandani aelekeze fedha hizo katika mafuta safi ya injini, chujio la hewa, plagi na mtungi wenye kifuniko kinachofunga.

Mambo haya manne hayana matangazo redioni, lakini ndiyo yaliyoziweka hai injini za babu zetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa injini kuukuu ufa huonekana mapema kwa anayepima mwanya wa vali na kuuandika daftarini.